Onyesho Katika Filamu na Ngoma Katika Duara

Sanaa za maonyesho zina msiba wake wa asili: hutoweka papo hapo zinapotendwa. Mchongaji akimaliza kinyago, kinyago hubaki. Mshairi akifa, diwani yake huendelea kusomwa. Lakini mwimbaji akinyamaza na wachezaji wakatawanyika kwenda majumbani kwao, kinachobaki ni vumbi uwanjani na kumbukumbu vichwani mwa wale waliokuwapo. Kumbukumbu nazo huzeeka pamoja na wenyewe, na siku moja huzikwa nao. Kwa sababu hiyo, tangu binadamu alipopata vyombo vya kunasa sauti na picha, wasanii wa mataifa mbalimbali wamejitahidi kuyahifadhi maonyesho yao ili wasiokuwapo nao wayaone.

Katika insha hii tunakusudia kuichunguza filamu moja ya onyesho la muziki wa roki, kuihukumu kama kazi ya sanaa, kisha kuuliza inatufundisha nini sisi tunaoishi katika uwanda wa kati wa Tanzania, katika wilaya ya Bahi na Ugogo kwa jumla. Filamu hiyo inaitwa Growing Up Live. Ni ya Peter Gabriel, mwanamuziki mkongwe wa Uingereza, na ilitolewa katika sahani za DVD mwaka 2003.

Msomaji aweza kuuliza: Bahi na Peter Gabriel wana uhusiano gani? Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu mapema. Mwaka 2002, Gabriel alipofanya ziara ya Marekani, aliyepanda jukwaani kabla yake kuwafungulia wasikilizaji onyesho alikuwa Mgogo, Mzee Hukwe Ubi Zawose, mzaliwa wa kijiji cha Doduma mkoani Dodoma, akiwa pamoja na jamaa yake Charles Zawose. Ilimba, zeze na sauti ya Ugogo vilisikika katika kumbi zilezile kubwa zilizojengwa kwa ajili ya michezo na muziki wa magitaa ya umeme. Kwa hiyo habari ya filamu hii inatuhusu, na tutaona kuwa inatuhusu zaidi kwa kile kisichokuwamo kuliko kwa kile kilichomo.

Filamu na sifa zake

Peter Gabriel alizaliwa mwaka 1950. Alikuwa miongoni mwa vijana walioanzisha bendi ya Genesis mwaka 1967, akaiacha mwaka 1975 na kuendelea peke yake. Mwaka 1982 alishiriki kuanzisha tamasha la WOMAD, lenye shabaha ya kuwakutanisha wanamuziki wa mataifa yote, na mwaka 1989 ikaanzishwa kampuni ya santuri ya Real World. Kampuni hiyo ndiyo iliyotoa santuri ya Mzee Zawose iitwayo Chibite mwaka 1996. Basi walipokutana katika ziara ya 2002, hawakukutana kama wageni.

Onyesho lililotiwa katika filamu lilifanyika Milan, Italia, mwezi wa Mei 2003, na mwongozaji wa filamu alikuwa Hamish Hamilton. Jukwaa lilibuniwa na Robert Lepage, msanii wa tamthilia kutoka Quebec nchini Kanada. Jambo la kwanza linalomgusa mtazamaji ni umbo la jukwaa hilo. Katika maonyesho mengi ya roki jukwaa huwekwa upande mmoja wa ukumbi, watu wakaelekezwa huko wote kama wanafunzi mbele ya ubao. Hapa jukwaa ni la mviringo, nalo limewekwa katikati, watu wamelizunguka pande zote. Juu ya jukwaa kunaning'inia mitambo ya mviringo vilevile, na vitu hupanda na kushuka kati ya sehemu hizo mbili, kana kwamba ni ardhi na mbingu.

Gabriel anaanza peke yake kwenye kinanda, kwa sauti ya chini, kisha wenzake wanajiunga mmoja baada ya mwingine. Katika wimbo mmoja anatembea kichwa chini miguu juu, akiwa amefungwa kwenye mitambo ya juu, na binti yake Melanie anafanya vivyo hivyo pamoja naye. Katika wimbo mwingine anaingia ndani ya tufe kubwa linaloona, akalizungusha jukwaani kwa miguu yake huku akiimba. Katika mwingine anapanda baiskeli na kuwazunguka wapigaji. Mafundi wa jukwaa hawajifichi: wamevaa sare za rangi ya machungwa na hufanya kazi yao mbele ya macho ya watu.

Je, vituko hivi ni sanaa au ni kiini macho? Mhakiki mwenye haraka atasema kuwa mzee wa miaka 53 anaendesha baiskeli jukwaani kwa sababu muziki wake umechoka. Sisi hatukubali hukumu hiyo kwa jumla. Twaona yafaa kila kituko kipimwe kwa wimbo wake. Tufe linafaa, kwa sababu wimbo wenyewe unazungumzia kukua, na mtu aliye ndani ya tufe anafanana na mtoto aliye tumboni, anayesukuma kuta za dunia yake mpaka zimpe nafasi. Kutembea kichwa chini kunafaa, kwa sababu wimbo wenyewe unageuza mambo juu chini, na ushiriki wa binti unatuonyesha vizazi viwili vikining'inia katika hatari moja. Baiskeli haina maana ya ndani kama hiyo, ni furaha tu. Lakini furaha nayo ina mahali pake katika ngoma, na wazee wetu hawakuwahi kuikataa.

Mafundi wa sare za machungwa ndio jambo tunalolisifu zaidi. Onyesho lolote kubwa limebebwa na mikono mingi ambayo kwa kawaida haionekani. Kuwaweka wafanyakazi hao mbele ya watu ni kukiri kuwa kazi ya sanaa si ya nyota mmoja. Huo ni ukweli ambao biashara ya muziki hupenda kuusahaulisha.

Filamu hii ina kasoro pia. Picha hubadilika upesi mno. Mara tunaona uso wa mwimbaji, mara vidole vya Tony Levin kwenye gitaa la besi, mara watu wakipunga mikono, mara taa; na kabla jicho halijatulia, limenyang'anywa ilichokuwa likitazama. Mtu aliyekuwa ukumbini Milan alikuwa na uhuru wa kuchagua amtazame nani na kwa muda gani. Mtu anayetazama filamu hana uhuru huo; mhariri wa picha amekwisha kumchagulia. Kwa hiyo tusidanganyike kudhani kwamba filamu ya onyesho ni onyesho lenyewe. Ni maelezo ya onyesho, yaliyotungwa na mtu mwenye macho yake, mapenzi yake na mipaka yake. Sehemu zilizo bora katika filamu hii ni zile tulivu, hasa mwanzo na mwisho, ambako kamera inavumilia na kumwacha mwimbaji aimbe bila ya kumkatiza.

Duara mbili

Aliyekulia Bahi, Kigwe, Mundemu au Chipanga akiliona jukwaa la mviringo la Milan hatashangaa sana. Duara analijua. Wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuingizwa ghalani, watu hukusanyika uwanjani na kujipanga kwa umbo hilohilo, wanaoimba wakiwa katikati au wakiwa wao wenyewe ndio duara. Wanawake hupiga ngoma za muheme, zile zenye kiuno chembamba, wakiwa wamezibana kati ya mapaja. Nindo huimbwa kwa sauti za watu wengi zinazopishana na kuungana, bila ya ngoma. Ziko nyimbo za jando, ziko za kuomba mvua, na kila moja ina wakati wake na watu wake.

Hata hivyo, duara la Milan na duara la Ugogo hufanana kwa umbo tu. Katika duara la Milan kuna mpaka usiovukwa: aliyelipa kiti hukaa kwenye kiti, na anayeimba huimba jukwaani. Watu humzunguka msanii, lakini hawamo. Katika duara la Ugogo mpaka huo hulegea kila dakika. Anayetazama sasa ataitikia baadaye kidogo. Mama aliyesimama nyuma na mtoto mgongoni atapiga kigelegele kwa wakati wake, na kigelegele hicho ni sehemu ya wimbo kama ilivyo ngoma. Mzee aliyeketi pembeni ataingia hatua mbili, atarudi kuketi, na kila mtu atajua kuwa ngoma imepata baraka.

Tofauti hii haiishii katika desturi za kukaa na kusimama, bali imo ndani ya muziki wenyewe. Wimbo wa Kigogo wa sauti nyingi haukujengwa juu ya mwimbaji mmoja na wasindikizaji wake. Yuko anayeanzisha, lakini wimbo huwa wimbo pale sauti nyingine zinapoingia, kila moja na njia yake, ndogo ikiwa juu ya kubwa. Wataalamu wa muziki wameeleza kuwa sauti hizo zinafuata mpango wa sauti za asili zinazozaliwa ndani ya uzi mmoja unapochezeshwa, kama tunavyozisikia katika ndono, ule upinde wenye kibuyu. Ukiitoa sauti moja, umeondoa jiwe katika ukuta.

Sasa tufikiri: mpiga picha aliyefunzwa katika mtindo wa filamu za roki akija Bahi kuipiga muheme, atafanya nini? Atamtafuta nyota. Atamchagua mama mwenye sauti kali au mavazi mazuri zaidi, ataleta uso wake karibu mpaka ujaze picha, na wale wengine watageuka kivuli nyuma yake. Halafu ataikata ngoma ya saa nzima iwe ya dakika 3, kwa kuwa televisheni haina subira. Atakayeitazama picha hiyo Dar es Salaam ataamini ameiona muheme, kumbe ameona mwanamke mmoja akiimba.

Wala tusimtupie lawama mgeni peke yake, maana sisi wenyewe tumekuwa tukifanya hivyo. Baada ya uhuru, Serikali iliunda kikundi cha taifa cha ngoma, na baadaye mwaka 1981 ukaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Kazi iliyofanywa na vyombo hivyo ilikuwa kubwa na ya heshima. Ngoma zilizokuwa zimedharauliwa na wakoloni na baadhi ya wamisionari zilipewa jukwaa na jina la taifa. Lakini jukwaa lilidai malipo yake. Ngoma ya kijijini ilibidi ifupishwe, igeuziwe uso kuelekea wageni, na ipangwe mstari ili ionekane vizuri. Mpaka leo mwanafunzi wa sekondari mara nyingi huiona ngoma ya kabila lake kwa mara ya kwanza akiwa amepanga foleni kumpokea kiongozi, nayo huisha mara gari la mgeni linapopita. Mwanafunzi huyo akisema ngoma za jadi hazina maana, tumlaumu kwa kiasi gani?

Mzee asiyekuwamo

Turudi kwenye filamu. Tumesema kuwa Mzee Zawose alikuwa katika ziara ya Marekani mwaka 2002, na kwamba filamu ilipigwa Milan mwaka uliofuata. Basi onyesho lililobaki ni la Milan. Maonyesho ya Marekani, ambamo Mgogo alisimama mbele ya maelfu ya watu na ilimba yake, hayakuwa ndiyo yaliyochaguliwa kuingia katika filamu hiyo. Hapakuwa na dhuluma hapa. Kamera ilifika kwa ratiba yake, na ratiba hiyo haikumkuta mzee.

Uzito wa jambo hili unaonekana tukilinganisha na filamu iliyotangulia. Mwaka 1993 Gabriel alikuwa na ziara nyingine, na filamu yake, Secret World Live, ilipigwa Modena, Italia, mwezi wa Novemba mwaka huo, ikatolewa mwaka 1994. Ndani yake anaonekana Papa Wemba wa Kongo na waimbaji wake wakishiriki wimbo wa mwisho. Papa Wemba alifariki Aprili 2016 baada ya kuanguka jukwaani mjini Abidjan. Leo kijana wa Kinshasa au wa Bukavu aweza kumwona akiwa katika nguvu zake, ameshika kipaza sauti, akiimba na kucheza pamoja na watu wa mataifa mengine. Wasanii wawili wa Afrika, ziara mbili za mwanamuziki mmoja. Mmoja alikutwa na kamera na mwingine hakukutwa.

Mzee Zawose alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003, mwaka uleule filamu ya Milan ilipotolewa. Mwaka uliofuata Charles naye akafariki. Nchi ikapoteza kwa mfululizo watu wawili waliokuwa wakiubeba muziki wa Ugogo duniani.

Hapana shaka sauti ya Mzee Zawose imehifadhiwa. Zipo santuri zilizotolewa Uingereza, zipo zilizotolewa Japani, na ipo santuri iitwayo Assembly aliyoitengeneza pamoja na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook. Tunashukuru kwa hizo zote. Lakini sauti peke yake haitoshi kwa sanaa kama yake. Mzee huyu alikuwa anaimba, anapiga, anacheza na kuigiza kwa wakati mmoja. Alikuwa anaunda ala zake mwenyewe, na alizikuza ilimba zikawa na vijiti vingi kupita zile za kawaida za kijijini. Mwanafunzi anayetaka kujifunza jinsi vidole gumba vilivyogawana kazi kati ya vijiti vinavyopigwa na vile vinavyoitikia vyenyewe bila ya kuguswa, hawezi kujifunza hayo kwa kusikiliza tu. Anahitaji kuona.

Na kwa nini picha zake ni chache kuliko sauti? Sababu moja ni historia yetu wenyewe. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mapema miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara iliamua kungoja, kwa kuwa nchi maskini ilikuwa na mahitaji mengine yaliyotangulia. Televisheni ya kwanza ya watu binafsi huku Bara ilianza mwaka 1994, na ya taifa mwaka 2000. Redio, kwa upande wake, ilifanya kazi kubwa. Watumishi wa Radio Tanzania Dar es Salaam walizunguka nchini na mitambo yao, wakanasa ngoma na bendi nyingi, na kanda zile ni hazina ambayo sasa imo mikononi mwa TBC. Kwa hiyo kizazi cha Mzee Zawose kilipokuwa katika ubora wake, taifa lilikuwa na sikio lakini halikuwa na jicho. Uamuzi huo ulikuwa na hoja zake, nasi hatuandiki ili kuwasuta waliouamua. Tunaandika kwa sababu leo hoja hizo zimekwisha, na bado wazee wa Ugogo wanafariki bila ya kupigwa picha.

Nani ashike kamera?

Hatusemi kwamba hakuna lililofanywa. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyeishi Afrika ya Kusini, alipita Tanganyika na kurekodi muziki wa Wagogo miongoni mwa makabila mengine. Mtaalamu wa muziki kutoka Hispania, Polo Vallejo, amefanya utafiti wa miaka mingi katika kijiji cha Nzali mkoani Dodoma, na mwaka 2011 ikatolewa filamu iitwayo Africa: The Beat iliyopigwa katika kijiji hicho. Mpiga banjo wa Marekani, Béla Fleck, alipopita Afrika akitafuta asili ya ala yake, alipiga muziki pamoja na ukoo wa Zawose, na safari yake ikawa filamu ya Throw Down Your Heart ya mwaka 2008.

Kazi hizo ni za manufaa, na baadhi yake zimefanywa kwa upendo na uvumilivu ambao sisi wenyewe hatujauonyesha. Lakini msomaji ataona kwamba zote zimeanzia nje. Aliyeamua nini kipigwe, nini kikatwe na nani atajwe ni mtu aliyekuja na tiketi ya kurudi. Huenda akaamua vizuri. Hata hivyo, taifa lisiloshika kamera yake lenyewe hujiona siku zote kwa macho ya kuazima.

Hapa ndipo tunapolirudia fundisho la filamu ya Milan. Ubora wa filamu ile hautokani na fedha peke yake, ingawa fedha zilikuwapo. Unatokana na ukweli kwamba waliolitengeneza onyesho walikuwa na mawazo kuhusu maana ya nyimbo zao, wakaliunda jukwaa na mwendo kufuatana na maana hiyo. Nasi hatuna sababu ya kuiga tufe wala baiskeli. Kinachotupasa ni kuifahamu ngoma kabla ya kuinasa, halafu kuupata mtindo wa kupiga picha unaolingana nayo.

Kwa maoni yetu, mtindo unaoifaa ngoma ya Ugogo ni huu. Kwanza, kamera isimame mahali ambapo duara zima linaonekana, na itulie hapo kwa muda mrefu, ili mtazamaji awe na uhuru wa kuchagua amtazame nani. Pili, uso mmoja usiletwe karibu ila pale ambapo wimbo wenyewe umemtanguliza mtu huyo. Tatu, ngoma ipigwe picha tangu maandalizi yake: kuwamba ngozi, kuziota ngoma jua au moto ili ziite vizuri, kuvaa, mazungumzo ya kupatana nani aanzishe. Nne, ipigwe katika wakati wake na mahali pake. Wimbo wa kuomba mvua ukiimbwa mwezi wa Julai mbele ya wageni si wimbo wa kuomba mvua, ni mfano wake. Tena ziko nyimbo za jando ambazo wenyewe hawataki zionwe na kila mtu. Hizo ziachwe, maana kuhifadhi bila ya idhini ni kupora.

Na hapo tunafika kwenye haki za wenye sanaa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua sanaa za jadi kuwa ni mali inayostahili ulinzi. Lakini sheria haimsaidii mtu asiyejulikana jina. Mara ngapi tumeona picha za ngoma zenye maandishi mafupi tu kwamba hao ni Wagogo wakicheza? Katika filamu ya Milan, kila mpigaji ametajwa, na mafundi wametajwa. Mama wa Bahi anayeongoza muheme anastahili heshima hiyohiyo: jina lake, kijiji chake, na sehemu yake ya mapato yakipatikana.

Kazi ya walimu na wanafunzi

Mwalimu wa sekondari aweza kufanya nini, hali shule haina mitambo? Siku hizi simu ya mkononi yenye kamera imefika karibu kila kijiji. Tunapendekeza zoezi lifuatalo. Wanafunzi wachague ngoma moja ya kijiji chao, waende kwa wazee, waombe ruhusa kwa adabu na kueleza picha zitatumikaje. Waipige mara ya kwanza kutoka mahali pamoja, bila ya kukata, mpaka iishe. Waipige mara ya pili wakifuata nyuso na mikono kama zifanyavyo filamu za bendi. Kisha wakae darasani waziangalie zote mbili na kujadili: nini kimeonekana katika ya kwanza ambacho katika ya pili hakipo? Nani ametoweka? Je, sauti zote zinasikika, au moja imezifunika nyingine? Mwisho waandike majina ya washiriki wote, maneno ya Kigogo na maana yake, na sababu ya ngoma hiyo kuchezwa. Nakala moja ibaki shuleni, na nyingine wapewe wenyewe kijijini.

Zoezi hili lina faida mbili. Litamfundisha mwanafunzi uhakiki, yaani kutambua kwamba kila picha imechaguliwa na mtu na kwa hiyo inaweza kuhojiwa, iwe imepigwa Milan au Mundemu. Na litamkalisha chini na bibi yake amsikilize, jambo ambalo masomo yetu mengi hayampi nafasi kulifanya.

Wako watakaosema kwamba ngoma ikiingia katika simu itakufa uwanjani, kwamba vijana wataitazama badala ya kuicheza. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Filamu ya Gabriel haikumzuia mtu kwenda kumwona Gabriel, lakini Gabriel anaishi kwa watazamaji, na ngoma yetu inaishi kwa washiriki. Jibu letu ni kwamba picha peke yake haiwezi kuifufua ngoma iliyoachwa, lakini kijana anayetaka kuirudia akikosa pa kuanzia, naye ataiacha. Ilimba zipo, vibuyu vya ndono vinaota bado katika mashamba ya Bahi, na wako wazee wanaojua kuvitumia. Kamera izungushwe kwao wakiwa hai, na vijana wakae karibu yao, mmoja ameshika simu na mwingine ameshika ala.